Rejeta ya Mzee Futi

Mzee Futi ni fundi cherehani, na tangu nimjue futi yake ya kupimia haijamtoka shingoni. Anapima kila kitu. Akienda kununua kitanda anapima, akikaribishwa nyumba ya mtu anapima mlango, na siku moja nilimkuta anampima mbuzi, eti aone kama ataingia kwenye buti la gari. Mimi nashona viatu kwenye baraza hiyohiyo, hatua nne kutoka cherehani yake, kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Mzee huyu ana gari. Nasema gari kwa sababu sitaki ugomvi. Umri wa gari hilo na wa binti yake wa pili ni mmoja, na binti mwenyewe sasa ana watoto wawili. Viti vimechanika mpaka sponji inachungulia, na yeye, fundi wa nguo, kavifunika kwa taulo. Lakini ugonjwa wake mkubwa ni kuchemsha. Kwenye buti kuna madumu manne ya maji, na kila akifika mahali lazima ashuke alinyweshe kwanza ndipo asalimie watu.

Miaka sita iliyopita alimpakia mama mkwe wake kumpeleka hospitali. Hospitali yetu iko juu ya mlima. Katikati ya mlima boneti ikafuka moshi mweupe, mama mkwe akashuka, akafunga mlango taratibu, akapanda kwa miguu. Alifika kabla ya gari. Tangu siku hiyo analiita birika. Hata kwenye simu, kabla ya kuulizia wajukuu: "Mkwe wangu, birika halijambo?" Na mkwe ni mkwe, utamjibu nini? Mzee Futi anasema, "Halijambo, Mama," huku jasho linamtoka.

Sasa mama huyo akapangiwa kufanyiwa operesheni ya jicho, siku ya Jumanne asubuhi. Mke wa Mzee Futi akambembeleza wiki nzima, mpaka akakubali kupanda birika mara moja tu.

"Lakini kasema," shemeji akamwambia mumewe mbele yangu, "likichemsha tena, atampigia simu mume wa mdogo wangu aje amchukue hapohapo njiani. Na hatalipanda tena mpaka anaingia kaburini."

Huyo mume wa mdogo mtu ana gari jipya linalonukia maua, na ana tabia ya kumpiga Mzee Futi begani na kumwambia, "Kaka, na wewe tafuta kitu cha kupandia." Bora uchemke wewe mwenyewe kuliko kuokolewa na mtu wa namna hiyo mbele ya mama mkwe.

Jumatatu asubuhi tukaenda gereji. Fundi wa pale tunamwita Daktari kwa sababu hunawa mikono kabla ya kufungua boneti, halafu anatazama kwanza bila kusema kitu mpaka mwenye gari aanze kuogopa. Akakwaruza rejeta, ile ya kupoza maji ya injini, kwa ukucha. Vile vibati vyembamba vya kupitishia upepo vikadondoka kama makombo ya mkate mkavu.

"Mzee, hii ilikufa zamani," akasema. "Miaka yote hii mmekuwa mnamwagilia kaburi."

"Si tuilehemu tu?"

"Nilehemu wapi? Hapa palipobaki ni lehemu tupu. Nenda dukani, chukua nyingine. Ngoja nikuandikie aina."

"Usiandike," akasema Mzee Futi, na futi ikashuka shingoni. Akapima upana, akapima urefu, akarudia mara mbili kama anavyompima bwana harusi, akaandika kwenye kiganja. Tukaondoka.

Duka la spea linaendeshwa na mwanamke mmoja mpole wa sura, mkali wa ulimi, anaitwa Mama Spea. Juu ya kichwa chake kuna kibao: KIKITOKA HAKIRUDI. Akaleta rejeta tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa imetumika. Mzee Futi akaitikisa, ikatoa mchanga. "Hii imevaliwa na marehemu," akasema, akaisukuma pembeni.

Ya pili mpya, nyembamba, nyepesi, pembeni ina plastiki nyeusi. Akaibinya kwa vidole viwili. "Hii ni bitana, dada. Mimi nataka nguo."

Ya tatu nzito, imejaa, hata kuinyanyua tulisaidiana. Akapima. Upana sawasawa. Urefu sawasawa, hata uzi haukuzidi. Uso ukamng'aa. "Hii ndiyo suti!"

"Baba, hiyo ni ya gari la mizigo," akasema Mama Spea. "Upana na urefu vinafanana, sikatai. Unene umepima?"

"Unene?" Mzee Futi akageuka kuwatazama wateja wengine, kama anayeomba mashahidi. "Unene tunauliza tukienda kununua godoro, dada yangu."

Watu wakacheka. Mama Spea hakucheka. Akatufungia suti yetu.

Nimekaa jirani na fundi cherehani miaka kumi na tisa na sikuliona hilo kosa, kwa hiyo simlaumu sana. Mtu anayeshinda na vitambaa, dunia yake ina upana na urefu basi. Futi yake haikuwahi kusimama wima pembeni ya kitu kuuliza: na wewe umetuna kiasi gani?

Daktari aliifunga. Bolti zikaingia zote, Mzee Futi akawa ananikonyeza. Halafu, kabla ya kutia maji, Daktari akaizungusha feni kwa mkono. Ikalia kra! Ikagoma. Bapa la feni lilikuwa limebusu rejeta.

Daktari akanawa mikono. Hiyo ni dalili mbaya.

"Mzee Futi," akasema, "umeniletea godoro."

Sikujizuia. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tairi.

"Hizo ncha za feni," Mzee Futi akasema kwa sauti ndogo, "hatuwezi kuzipunguza kidogo? Kinachozidi si kinapunguzwa?"

"Feni si suruali, mzee."

Saa tisa mchana tulikuwa tena dukani, tumebeba godoro letu mbele na nyuma kama wabeba jeneza. Mama Spea alituona tangu barabarani.

"Magodoro ni duka la nne," akasema, "mkono wa kushoto."

Mzee Futi alisimama chini ya kile kibao. Nilidhani ataanza ubishi, maana ubishi anao. Badala yake akavua futi shingoni, akaiweka mezani.

"Dada, kesho nampeleka mama mkwe wangu. Nimekosea. Nipimie wewe."

Mama Spea akamtazama kidogo. Akainusa rejeta mdomoni kuhakikisha haijaonja maji. Kisha akachukua futi, akapima unene wa ile nyembamba, akabonyeza kidole gumba kwenye namba na kumwonyesha.

"Hapa. Umeona? Hii ndiyo saizi ya gari lako. Chukua bitana yako uende, kabla sijabadili mawazo."

Jumanne mama mkwe alitoka amevaa raba. Viatu vya kutembelea. Akakaa mbele, binti yake nyuma, na mimi nikapakiwa kama msukumaji wa akiba. Kufika mlimani, Mzee Futi akakaza macho kwenye mshale wa joto. Pale pa siku zote pa kutilia maji, mguu wake ukalegea wenyewe kwa mazoea, gari likataka kusimama.

"Unasimama nini?" akauliza mama mkwe.

"Hapana, Mama. Nilikuwa napasalimia tu."

Mshale haukutikisika. Tukafika juu, tena tukalipita gari moja jipya njiani, ingawa lenyewe lilikuwa limeegeshwa.

Wakati wa kurudi mama alikuwa na jicho moja limefungwa bandeji. Hakuingia garini. Alizunguka mbele akipapasa, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale muda mrefu, vile unavyomshika mtoto kwenye paji la uso.

"Halina homa," akasema.

Akaingia, akakaa, akapapasa chini ya taulo, kidole kikazama kwenye sponji.

"Mkwe wangu."

"Naam, Mama."

"Mwezi ujao nina jicho la pili. Utanichukua wewe. Lakini hiki kiti, baba, hujui fundi cherehani hata mmoja?"