Pikapu Iliyovuta Tela Bila Kuchoka

Chekeni tu, nimeshazoea. Tajiri wangu, Mzungu mwindaji, aliuza kigari chake akanunua pikapu iliyotumika, ili nimvutie tela la kambi hadi mlimani Meru. Yeye akatangulia kwa gari la rafiki yake.

Asubuhi, pale Ngarenaro, nimeinama nafunga tela, mara baba mkwe huyo! Mkwe haamkiwi na mtu aliyeinama, spana mkononi. Nikaacha kila kitu, shikamoo, nikamjulia hali yeye, ng'ombe hata migomba, kisha nikampa lifti.

Njia nzima nilitamba. "Baba, unaona? Inapanda kama haina kitu nyuma!"

"Naona, mwanangu."

Kambini tajiri akatoka mbio. "Dereva! Tela wapi?"

Mkwe akakohoa kwa adabu. "Liko Ngarenaro, pale tulipoamkiana. Nilidhani anajua."