Kumwita Mbweha kwa Jani la Nyasi

Mbwa wa jirani wa shangazi yangu alikuwa amehukumiwa kufa kabla sijawasili. Wanakondoo watatu walikuwa wameuawa katika boma la shangazi, nje kidogo ya Kibomet, karibu na Kitale, na kwa desturi ya pale mbwa aliyeonja kondoo hafugwi tena. Jirani mwenyewe alikuwa mzee aliyefiwa na mkewe, aliyestaafu kazi ya kiwandani Webuye, na nyumbani hakubaki na mwenzi mwingine ila mbwa huyo mwekundu. Shangazi alikuwa amempa hadi Jumapili awe amemuua. Mzee akamfunga chini ya ghala la mahindi, na siku ya Alhamisi nilipofika kutoka Bungoma, nilikokuwa nikifundisha, nilimsikia mbwa akilia kabla sijafungua lango.

Niliomba kuuona mzoga wa mwisho, ambao shangazi alikuwa ameuhifadhi chini ya gunia uwe ushahidi. Jeraha la kooni lilikuwa dogo. Ubavu ulikuwa umefunguliwa nyuma ya mbavu kwa unadhifu, na maini yameliwa. Mbwa wa nyumbani hali hivyo. Yeye hurarua mapaja na mkia kama mchezo, kisha huiacha nyama. Nilimweleza shangazi hayo kwa utaratibu, hatua kwa hatua.

"Hiyo ni ya vitabu, mwalimu," alisema. "Mbweha waliisha hapa shamba ya mzungu ikikatwa ploti. Si mimi niko hapa tangu hiyo siku? Sasa huyo mbweha anaishi wapi, kwa kabeji?"

"Nikikuonyesha mmoja kwa macho yako, Shangazi?"

"Ukinionyesha, hiyo kamba nitafungua mimi mwenyewe. Lakini usiniletee paka ya mtu ati ndio mbweha."

Sikuwa na shaka hata kidogo. Ufundi huo nilifundishwa na mjomba wangu kule Bungoma, aliyewinda kwa mkuki katika ujana wake. Nilipokuwa mtoto sheria ilikuwa imekwisha kukataza kuua, naye akabaki akiita tu, kwa furaha ya kuita, na alidai kwamba huko ndiko kuwinda hasa. Unachuma jani pana la nyasi, unalibana wima kati ya vidole gumba, unapuliza kwenye mwanya. Kinachotoka ni kilio cha sungura aliyeshikwa. Wanaoanza huiga mwanakondoo, nao huwapata waliowaita: kondoo jike wote wa kijiji.

Jumamosi, kulipopambazuka, tuliketi ukingoni mwa shamba lililovunwa. Mbweha haji kwa njia iliyonyooka. Huzunguka kwanza ili aupate upepo na kumnusa anayelia. Kwa hiyo nilichagua mahali ambapo upepo unaoteremka kutoka Mlima Elgon ulitupiga usoni, na mto unaopita kando ya shamba, uliokuwa bado na maji mengi, ulikuwa nyuma yetu. Harufu yetu ingevuka maji, na yeye asingeweza kuifuata huko. Nilimwomba shangazi aache shuka yake nyumbani, kwa kuwa ilinuka moshi.

"Mpaka shuka yangu inanuka kwa mwalimu?" alisema, akajifunika vizuri zaidi.

Nilipuliza mara mbili, nikanyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa maana sungura anayekufa hapigi tarumbeta. Kutoka kwa mzee tulimsikia mbwa akijibu kwa uchungu, kambani mwake.

"Amekataa mwaliko, bana," shangazi alininong'oneza.

Nilipuliza tena, kwa sauti ndogo zaidi, kama ya mnyama anayeishiwa pumzi.

Masikio ndiyo yaliyotangulia kuonekana juu ya mabua. Kisha uso mwembamba, kisha mgongo mweusi ulionyunyiziwa fedha. Alisimama, mguu mmoja ukiwa hewani, akitafakari. Nyuma yake alitokea jike lake. Shangazi alinishika mkono kwa nguvu, nami nikadhani ameogopa.

"Mwizi! Kumbe ni wewe! Na bibi umekuja naye!"

Alikwisha kusimama. Kandambili yake iliruka angani ikaanguka katikati ya mabua, na mbweha wote wawili wakatoweka kuelekea kwenye mikaratusi.

Kwa haki, kumwona mbweha si sawa na kuthibitisha kwamba ndiye aliyeua, na nilikuwa nimejiandaa kumfafanulia jambo hilo. Sikupata nafasi. Shangazi alikuwa akipita shambani kwa mguu mmoja mtupu, moja kwa moja hadi kwenye ghala la jirani, akainama kufungua kamba. Mzee alitoka na kikombe cha chai.

"Mzee, ulifunga hii fundo namna gani? Ulikuwa unafunga treni?"

"Mama, si ni wewe ulisema akitoroka ni shauri yangu?"

"Basi jioni umlete alale kwangu. Hao wezi kumbe ni wawili."

"Na huko kwako atakula nini?"

"Atakula ugali. Kondoo si yeye hula, nimeona mwenyewe."

Mbwa alizunguka ghala mbio, akarudi, akalala miguuni pa mzee. Mzee aliweka kikombe chini, akamshika masikio yote mawili.

Mimi nilirudi kuitafuta kandambili. Nilitafuta hadi jua likapanda, na sikuiona. Mjomba alikuwa akisema kwamba mbweha aliyeitwa hakubali kuondoka mikono mitupu. Jumatatu nilimnunulia shangazi jozi nyingine mjini Kitale.