Suruali Huvaliwa Umekaa

Mimi nilikuwa mtu wa miguu. Wanaovuka Malaba siku hizi wanaona pikipiki zimejaa na kudhani mambo yalianzia hapo. Kabla yao tulikuwa sisi wa baiskeli, tunabeba abiria kwenye kiti cha nyuma kutoka upande huu wa mpaka hadi ule, tukiita "boda, boda" mpaka koo linakauka. Nimebeba wajawazito, nimebeba magunia ya mahindi, siku moja nikabeba jeneza, tupu lakini jeneza. Sikuwahi kumwangusha mtu. Nataka hilo lijulikane kwanza, maana yanayofuata ni habari za mzee aliyeshindwa na suruali yake mwenyewe.

Nyonga ilivunjika bafuni, nikateleza kwa sabuni. Ningependa kuwa na hadithi bora kuliko hiyo lakini sina. Hospitalini Busia wakatia chuma ndani, nikalala nyumbani miezi nikisaidiwa na mpwa wangu, na nilipoanza kusimama nikapelekwa kwa wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo. Nilitarajia mzee mwenzangu mwenye mafuta ya kukanda. Nikakuta binti mfupi, umri wa kitindamimba wangu, ambaye hana habari kwamba watu wazima huombwa.

"Mzee, simama."

"Si nimesimama?"

"Umeshika meza. Achilia."

Kazi yake kubwa ilikuwa kunikalisha kwenye kiti na kunitaka niinuke bila kutumia mikono, mara kumi. Mimi niliyepanda milima na gunia nyuma nilikuwa natokwa jasho nikifika ya nne. Nikamwambia alikosea njia, angeenda upolisi. Akasema, "Zimebaki sita." Nilimchukia yule binti, na kila wiki nilifika kabla ya mlango kufunguliwa.

Alitaka pia mtu wa nyumbani aje ajifunze pamoja nami. Mpwa wangu alikuwa amepata kazi akaenda, na mama watoto alitutoka zamani, kwa hiyo pale nyumbani Adungosi tumebaki mimi na mke wa mwanangu, na watoto wao wawili wa shule. Mwanangu mwenyewe anafanya kazi Nakuru, amepanga nyumba ghorofa ya tatu. Basi akaja mke wa mwanangu, na hapo lazima nieleze kitu.

Kwetu, mzee na mke wa mwanawe hawagusani. Hatusalimiani kwa mkono. Yeye huweka chakula mezani na kutoka, na chumba changu cha kulala hajawahi kukikanyaga. Nikienda kuoga, yeye huhamia upande wa pili wa boma. Watu wa mbali hudhani ni chuki, kumbe ni heshima, na ukizaliwa ndani yake huioni hata kidogo, mpaka siku inapokubana. Kwa hiyo mle chumbani mwa fizio alikaa karibu na mlango, uso ameuelekeza ukutani, na daftari la mtoto mapajani akiandika kinachosemwa.

Siku moja binti akatandika mkeka sakafuni. "Leo tunajifunza kuinuka kutoka chini," akasema. "Lala hapa. Utageuka, utatambaa, utashika kiti."

Nikamuuliza kama anasema na mimi.

"Nasema na wewe."

"Mimi nitambae mbele ya mke wa mwanangu? Hilo wacha."

Alibembeleza, akanuna, mwishowe akalala chini yeye mwenyewe na kunionyesha hatua moja baada ya nyingine. Mimi niligeukia dirisha. Nje kulikuwa na kamba ya kuanikia na nikahesabu mashuka ya wagonjwa, yalikuwa kumi na moja. "Mzee, unaangalia?" Nikasema naangalia. Huo ulikuwa uongo mtupu. Mke wa mwanangu ndiye aliyeangalia, kwa kuwa aliyekuwa chini hakuwa mimi.

Tulipokuwa tunaondoka binti akaongeza: "Na suruali huvaliwa umekaa, mzee. Usijaribu mguu mmoja." Nilicheka njia nzima hadi nyumbani. Tangu nitoke hospitali nilikuwa nazungukazunguka na shuka kiunoni au kaptura pana, lakini kufundishwa kuvaa suruali na mtoto wa juzi, eti.

Sasa, mwanangu. Ni mtoto mzuri, ila akiogopa huwa mkali, na hilo amelirithi kwangu. Alikuwa amenipigia akasema, "Baba, ukianguka tena nakuja kukuchukua. Hakuna mjadala." Nilishawahi kukaa wiki moja katika ile ghorofa yake, nikiwa mzima. Dirishani unaona ukuta wa nyumba nyingine, basi. Na zile ngazi, kwa nyonga hii, ningezipanda siku moja na siku ya kushuka ningeshuka nimebebwa. Hapa nina ng'ombe wawili, nina kivuli changu cha saa tisa, nina wazee wenzangu na chungu chetu cha pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake. Niliogopa Nakuru kuliko kaburi, na sisemi hivyo kwa mzaha.

Mkewe naye aliambiwa na mumewe, spika ya simu ikiwa wazi nami nikisikia: "Akianguka, uniambie. Ukinificha tutakosana." Mkewe akajibu kwamba atamwambia.

Jumamosi moja asubuhi, watoto wakiwa wameenda kuteka maji, simu ikalia. Mwanangu alikuwa Bungoma tayari, anakuja kutuona. Hakusema kwa nini. Nikahesabu muda: Bungoma hadi Malaba, Malaba hadi kwetu, saa moja na kidogo. Nilitaka anikute langoni nimesimama na nguo za mtu anayejiweza. Nikaingia chumbani, nikatoa ile suruali ya kahawia ya harusi za watu. Kitanda kilikuwa pale. Kiti kilikuwa sebuleni. Nikasimama na kuingiza mguu mmoja, ule mzuri, maana yake nilibaki nimesimamia ule wa chuma.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka sakafu ilikuwa baridi, kiwiko kinawaka moto, na suruali imenifunga magotini.

Mke wa mwanangu alisikia kutoka jikoni. Miguu yake ilikuja mbio mpaka kwenye pazia la chumba changu, ikasimama hapo.

"Baba, umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Uko wapi sasa?"

"Niko chini."

Akauliza kama amwite jirani wa pikipiki pale barabarani. Nikamwambia akithubutu, soko zima litajua kabla ya saa sita, na mwanangu ataambiwa na makanga kabla hajafika. Nilisema kwa ukali. Hofu ikinishika, ukali ndio unaotangulia.

"Basi niingie?" Sauti yake ilikuwa chini sana. Niliona pazia limetikisika pale aliposhika.

"Usiingie. Sina suruali."

Mkono ukaachia. Hapo sote wawili tukaogopa kweli. Nilishika chuma cha kitanda nikajivuta. Kitanda kikanifuata, miguu yake ikikwaruza sakafu. Nikajaribu tena, godoro likaniangukia begani. Nililia. Sikulia kwa maumivu, nililia kwa hasira, na nilijua anasikia.

Kisha kutoka nje ya pazia ikaja sauti ambayo sikuizoea kwake, imenyooka, kama anasoma. "Usijivute. Tulia kwanza. Panauma wapi?"

"Kiwiko."

"Nyonga je? Sogeza mguu. Mmoja, halafu wa pili."

Niliogopa kusogeza ule wa chuma. Kama umevunjika tena, basi yameisha, ni Nakuru. Nikasogeza kidole, kisha kisigino, kisha goti. Ulikuja. Nikamwambia umekuja, na nikasikia akipumua.

"Sasa hiyo suruali ivue kabisa, itakufunga."

Nimeishi miaka mingi, na sikuwahi kufikiri siku itafika mke wa mwanangu aniamuru nivue suruali. Nikavua. Nikavuta shuka nikajifunga kiunoni.

Akaendelea. Lala kwa ubavu. Egemea kiwiko kizima. Sasa mikono miwili. Sasa magoti. Kila hatua alingoja nijibu "nimefika". Nilipokuwa kwa mikono na magoti akasema anainua kiti kuniletea. Pazia likafunguka upande wa chini na kiti kizito cha sebuleni kikaingia polepole, kikisukumwa kwa mpini wa jembe. Niliona mpini na mkono wake hadi kiwiko. Uso alikuwa ameugeuzia kule. Kiti kiligota ukutani, kikakaa.

Nikatambaa. Ni hatua mbili za mtu mzima, nilitumia muda wa kuchemsha chai. Nikaweka mikono kwenye kiti, nikatanguliza mguu, nikasukuma. Goti likalegea nikarudi chini kwa kishindo.

Simu ikalia sebuleni.

"Ni yeye," akasema.

"Usishike."

Ililia mpaka ikachoka. Ikalia mara ya pili. Mimi nilikuwa nimekumbatia kiti, yeye sijui ameshika nini. Nilijua ameshafika Malaba.

"Baba, umetanguliza mguu gani?"

"Huu hapa."

"Upi?"

Ikabidi nifikirie. "Wa chuma."

"Ule mzuri, baba. Mzuri ndio unakaa mbele. Huyo dada alisema mara tatu."

Mimi wakati huo nilikuwa nahesabu mashuka. Nikabadilisha mguu. Nikauma meno, nikasukuma kwa paja lile lililokanyaga baiskeli maisha yake yote, na nikainuka. Nikageuka, nikakaa kwenye kiti nikitetemeka. Nikavaa suruali ya kahawia nimekaa, mguu mmoja, halafu wa pili. Haikuwa kazi yoyote.

Mwanangu alinikuta barazani kwenye kiti hicho hicho. Langoni sikuweza kufika, miguu ilikuwa bado inacheza. Alishuka kwenye pikipiki na begi kubwa, na alipoliweka chini halikutoa sauti. Lilikuwa tupu. Nikajua limekuja kuchukua nguo za nani.

Alinisalimia, akanitazama, akatazama kiwiko. "Baba, umeanguka?"

Nilikuwa na uongo tayari, mzuri kabisa, unahusu mlango. Nikafungua mdomo. Mke wake alikuwa anaweka chai.

"Ameanguka," akasema. "Asubuhi ya leo, chumbani."

Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia yule binti wa fizio. Baada ya yote yale. Kuvuliwa suruali, kutambaa, kulia, halafu ananiuza mbele ya kikombe cha chai. Sikuweza kumtazama.

Mwanangu aliangalia begi. "Nani amemwinua?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu vipi? Wewe huwezi kumshika. Jirani?"

"Nimesema hakuna mtu. Ameinuka mwenyewe." Aliweka birika mezani. "Na akienda kwako akaanguka wewe ukiwa kazini, nani atamsomea daftari?"

Sikuwahi kumsikia akimjibu mumewe hivyo. Mwanangu naye hakuwahi, nilimwona usoni. Akanigeukia. "Baba, mimi nakuheshimu, lakini hilo siamini. Nionyeshe."

Baraza letu linaonekana kutoka njiani. Ng'ombe walikuwa wanatutazama. Nikafikiria ukuta ule wa Nakuru. Kisha nikashika mkono wa kiti, nikashuka goti moja, la pili, nikalala chini kwenye saruji na suruali yangu ya harusi, mbele ya mwanangu na mbele ya mke wake.

Nilisikia kandambili za mkewe zikisogea. Alikuwa anageuka atazame ukuta, kama inavyopasa.

"Mama," nikamwita, maana ndivyo nimwitavyo. "Usigeuke. Mimi husahau mguu unaotangulia."

Alisimama pale pale. Nilijigeuza ubavu, kiwiko kikauma, mikono miwili, magoti. Nikatambaa hadi kwenye kiti. Mwanangu alitoa mkono anisaidie na mkewe akamwambia amwache. Niliweka mikono juu ya kiti nikangoja, na safari hii nilikuwa nimemtazama yeye, usoni, mara ya kwanza tangu aingie katika boma langu.

"Mzuri mbele, baba," akasema.

Mwanangu aliondoka Jumapili mchana. Begi lilijaa viazi vitamu na unga wa wimbi. Tangu nivunjike sikuwa nimemsindikiza mgeni yeyote, na siku hiyo nilimsindikiza hadi barabarani, polepole, na mkongojo. Tulipofika akalifunga begi nyuma ya pikipiki, akapanda. Nilirudi nyumbani peke yangu.