Mara Moja Aliyoitamka Selestina

Kidato cha pili, Newala, kipindi cha Kiingereza. Mwalimu Selestina aliandika ubaoni neno "once", akaeleza kwamba limezaliwa na "one", yaani moja, likaongezewa mkia wa s kama walivyozoea Waingereza wa kale. Lenyewe lina maana ya kufanya jambo safari moja tu. Likitanguliwa na "at", maana inahama.

"Do it at once," alisema. "Ifanye mara moja."

Gift, msichana wa dawati la mbele, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mara moja ya sasa hivi, au ya mara moja basi?"

Darasa likacheka. Selestina chaki ikamponyoka.

Jana yake mama yake mdogo, Helena, alimtumia picha ya maelezo ya daktari mgeni aliyepita kijijini akamtibu mumewe, Barnaba, kichomi. Yalikuwa kwa Kiingereza: apewe vidonge "at once", kisha kila baada ya saa nane kwa siku saba. Selestina akampigia. "Mama mdogo, mpe mara moja, halafu..." Simu ya Helena ikazimika, chaji imekwisha. Selestina akadhani yote yamesikika.

Sasa aliomba ruhusa, akadandia bodaboda. Njia nzima ya mchanga alipiga simu, haipatikani.

Alimkuta Helena anatwanga.

"Shikamoo, mama mdogo. Baba mdogo amekunywa dawa mara ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mara moja, kama ulivyosema. Zilizobaki nimezifungia sandukuni, asije akazidisha."

Ndani, Barnaba alikuwa anahema kwa shida, mbavu zinabonyea, midomo imepauka. Hakumtambua Selestina. Walimpakia kwenye pikipiki ileile, yeye katikati, Selestina nyuma amemkumbatia, akihesabu kila pumzi na kuogopa kwamba inayofuata haitakuja. Hospitalini aliwekewa oksijeni. Siku ya tatu hapakuwa na mabadiliko. Ya nne akaomba uji.

Hapo ndipo Selestina alipomweleza Helena yote: maneno yalivyokatika, na yeye asivyopiga tena kuhakikisha.

Helena alikoroga uji uliokwisha kupoa.

"Hata mimi nilishangaa," alisema. "Vidonge vingi vile, kisha anywe mara moja tu? Nikataka kwenda kwa jirani nikupigie kwa simu yake, nikuulize. Nikaona haya, wewe mwalimu."

Selestina alipokea bakuli. Akaanza kumlisha Barnaba kijiko kwa kijiko.