Programu ya Mama Kesho

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anashona vizuri, sina ubishi. Ila mdomo wake na saa havijawahi kufahamiana. Wateja wamempachika jina la Mama Kesho. Ukimuuliza gauni lako, anakwambia, "Limebaki vifungo tu, mpenzi." Vifungo! Kitambaa chenyewe bado kiko kwenye rafu kama kilivyoletwa, hata mkunjo hakijafunguliwa.

Sasa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, naye mteja wake, alikuwa na kazi nono ya sare za wanafunzi wote. Akamwambia wifi waziwazi kwamba atampa, ila hataki wazazi wampigie simu yeye kuuliza sare zimefikia wapi. Atafute njia wajionee wenyewe. Wifi akachachamaa. Akauza cherehani yake ya kudarizi, akamtafuta jamaa mmoja anayetengeneza programu za simu, tunamwita Mtaalamu. Roho yangu ilikuwa juujuu. Akiikosa kazi hiyo, kodi ya chumba cha kushonea inamshinda, na anarudi kushonea sebuleni kwangu. Nilishakalia pini kwenye kochi langu mwenyewe, sirudii.

Mtaalamu aliziangalia zile pesa, akakuna kichwa.

"Dada, kwa hizi nakutengenezea kitu kimoja tu. Mteja aone nguo yake ina hali gani: haijakatwa, imekatwa, inashonwa, tayari. Basi. Mapambo hakuna, na hata hivyo pesa hazitoshi."

"Na kinachopungua?"

"Nishonee suti. Naoa karibuni."

Wakapeana mikono. Kumbe fundi kakutana na fundi! Wifi akipiga simu kuulizia programu, anajibiwa, "Imebaki kitu kidogo tu, dada." Mtaalamu akija kuulizia suti, wifi anatabasamu, "Imebaki koti tu, kaka." Akishaondoka, wifi ananigeukia amefura. "Huyu ananidanganya! Hayo maneno nayajua!" Ataacha kuyajua vipi, si yake mwenyewe!

Jumamosi moja uvumilivu ukaniisha. Mtaalamu alipoingia chumba cha kushonea asubuhi, nikafunga mlango, ufunguo nikautia mahali ambapo mwanaume mwenye adabu hawezi kutia mkono. Hatoki mtu, nikasema. Yeye akakaa kwenye meza ya pasi na kompyuta yake, wifi kwenye cherehani, wakawa wanachunguliana kama wanafunzi kwenye mtihani. Alasiri ilipofika, koti lilikuwa na mikono yote miwili na programu ilikuwa inafanya kazi.

"Tuijaribu," akasema Mtaalamu. "Nitajie vitambaa vilivyoko kwenye rafu. Jina, namba ya simu, na hali yake."

Angeulizwa na mteja, thubutu! Lakini wifi aliona anaiambia mashine, na mashine haina macho ya kumkodolea mtu. Akafunguka. "Hiki hakijakatwa. Hiki nacho hakijakatwa. Hiki cha mwalimu mkuu, hakijakatwa." Alikuwa anacheka, kama mtu aliyevua viatu vinavyombana.

Mtaalamu akabonyeza. "Tayari, ujumbe umewafikia."

"Umewafikia akina nani?"

"Wateja. Si ndiyo kazi yake?"

Mungu wangu! Simu ya wifi ikaanza kulia, na aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu. Wifi alinywea. Nikaipokea mimi, nikaweka sauti ya nje.

"Juzi umeniambia gauni langu limebaki vifungo," mwalimu akasema taratibu. "Ulikuwa unavishona hewani?"

"Mwalimu, nisamehe..." wifi akaanza.

"Umenidanganya tangu mvua zianze. Leo simu yangu imeniambia ukweli, na wewe hukupenda niujue. Kitu kama hicho ndicho ninachowatakia wazazi wa wanafunzi wangu. Njoo Jumatatu upime watoto."

Akakata. Mimi nikapiga vigelegele, Mtaalamu akanipigia makofi. Wifi hakucheka.

"Wifi," akaniambia, "sasa kazi kapewa nani? Mimi au hiyo simu?"

Nilimwonea huruma, kusema kweli. Akainuka, akakishusha kitambaa cha mwalimu, akakitandaza mezani, akachora kwa chaki. Mkasi ukapita mpaka mwisho bila yeye kuinua kichwa.

"Andika," akamwambia Mtaalamu. "Kimekatwa."