Mwanga wa Pili

Kabla sijampiga picha binadamu yeyote, nilikuwa nimempiga picha kuku mmoja mara kumi na tisa, na zote kumi na tisa nilizifuta. Katika moja mkia ulikatika. Katika nyingine alifumba jicho. Sijui nani mwingine duniani amewahi kumlaumu kuku kwa kufumba jicho, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Kamera aliniletea baba mdogo, anayefanya kazi Dar es Salaam, kama zawadi ya kumaliza kidato cha nne. Ilikuwa ya mtumba, rangi ya fedha, ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, na haikutumia mkanda. Ilikuja bila boksi wala kitabu cha maelezo. Miaka ile vitu vilikuwa vinaingia nchini kwa wingi, redio, deki, simu za mkononi, na vingi vilifika Itigi vikiwa uchi hivyo hivyo. Unapewa kitu, maelezo unajitungia.

Basi nikajitungia. Nilichukua daftari la shule lililobaki kurasa, nikachora kila alama niliyoiona kwenye kioo cha kamera, na pembeni nikaandika nilichodhani ni maana yake. Alama ya ua niliandika: ya kupigia wanawake. (Ni ya kupigia vitu vya karibu sana, na ndiyo maana mama alitoka kama moshi.) Saa niliiweka saa nne kwa sababu ilikuwa saa nne asubuhi. Ulipita mwezi mzima ndipo nikagundua kwamba kwa hesabu ya kamera kuku wangu alikuwa akipigwa picha saa kumi za usiku.

Kisha kulikuwa na alama ya jicho. Hiyo niliiandikia: kamera inatazama kwa makini. Mtu kama mimi, anayerudia kufagia uwanja kwa sababu mistari ya ufagio haikunyooka, hawezi kuliacha jicho limezimwa. Nililiwasha, na sikuligusa tena.

Mwaka huo binamu yangu aliolewa, na kwa ajili ya harusi bibi yangu, mzaa mama, alipata kitu ambacho hakuwa nacho kwa miaka mingi: mabinti zake wote wanne chini ya paa moja. Mama ni wa pili, na ndiye aliyebaki Itigi. Mama mkubwa aliolewa Tabora. Mama wadogo wawili, mmoja yuko Nduguti na mwingine Singida mjini. Mara ya mwisho walikutana wote kwenye msiba wa babu, na siku ya msiba hakuna anayesema jipangeni mpigwe picha.

Siku ya pili baada ya harusi mama mkubwa alikuwa anarudi Tabora kwa treni ya jioni. Mchana, tulipomaliza kula, bibi aliniita.

"Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "hicho kisabuni chako kinapiga watu au kuku tu?"

"Kinapiga watu, bibi."

"Basi nataka picha ya tumbo langu lote. Mimi na hawa wanne. Huyu wa Tabora akishapanda treni, sijui kama miguu yangu itamngoja tena."

Alisema akicheka, lakini mama aliacha kukusanya vyombo akamtazama. Mimi nikaenda kuchukua kamera.

Bibi hakutaka jua, linamtoa machozi, kwa hiyo tulikwenda sebuleni. Tulimweka kwenye kochi katikati, mabinti wakasimama wawili kila upande wakiwa wamekaza shingo na kubana midomo, kama watu wanaopimwa sare. Nilisogeza kitambaa cha kochi. Nilirudi nikakisogeza tena.

"Mtoto, piga!" alisema mama mdogo wa Nduguti. "Nimejibana tumbo mpaka naona nyota."

Nikabonyeza. Mwanga ukawaka.

"Imetoka!" wakasema wote, na kabla sijashusha kamera mama mdogo huyo alikuwa ameachia tumbo, mama mkubwa ameinama kufunga khanga, na yule wa Singida amegeuka kumwambia mama jambo la sufuria.

Niliangalia kioo. Picha ilikuwa ya tumbo lililoachiwa, mgongo mmoja na visogo viwili. Katikati alikuwa bibi, amekaa wima kama kichwa cha kwenye sarafu.

Niliifuta haraka wasiione. Nikawaambia tunarudia kwa usalama tu.

Ya pili ikatoka migongo. Ya tatu, mama mkubwa anapiga chafya na mama anamcheka. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba mimi ndiye mbaya, kwamba mkono wangu unachelewa, kwamba afadhali baba mdogo angempa mtu mwingine kamera hii. Nje kule, juani, kuku hakuwahi kunifanyia hivi. Lakini nje mwanga haukuwahi kuwaka, na hilo sikuliwazia hata kidogo.

"Onyesha," alisema mama mkubwa.

"Bado, mama mkubwa."

"Onyesha nasema. Au umetupiga bila vichwa?"

Nilimwonyesha ile ya tatu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatazama tena, akanyoosha kidole. "Mama yetu mbona ametulia hivi?"

Kweli. Katika zote tatu bibi alikuwa safi, hata kope haikushuka. Nikamwuliza, "Bibi, wewe mbona hutikisiki?"

"Nimeambiwa nikae nipigwe picha. Nani ameniambia imekwisha?" Bado alikuwa amekaa wima. "Tena nimebana pumzi. Mnataka mnizike humu humu?"

"Lakini mama, mwanga si umewaka!" alisema yule wa Singida.

"Umewaka mara mbili. Nyie mnaukimbia wa kwanza. Wa pili naupata peke yangu."

Mimi, niliyekaa na kamera ile wiki sita, niliyeiandikia daftari, sikuwa nimeuona mwanga wa pili, kwa sababu nilikuwa nikitazama kioo nikihesabu nani kakatika sikio. Bibi, ambaye hakuwahi kuishika, ndiye aliyeuona.

Nikawapanga upya, nikiwa na furaha ya kutaka kurukaruka. Nikabonyeza. Kamera ikalia kidogo, lenzi ikarudi ndani, kioo kikawa cheusi. Betri zimekwisha.

Zilikuwa betri ndogo za kawaida za dukani. Kwenye redio zinakaa mwezi; kamera ilizimeza kwa mianga michache. Na kuku alikuwa amekula nyingine zote.

"Zianikeni," alisema mama, kama anavyofanya kwa tochi. Tukaziweka juani kwenye sinia la bati, tukasimama kuzunguka sinia kama watu wanaongoja chai ichemke. Jirani akapita njiani akiwa na mizigo.

"Bado mpo tu?" akatuuliza. "Treni imeshatoka Manyoni!"

Mama mkubwa akaingia ndani kufunga begi lake. Bibi hakutoka kwenye kochi. Niliingia nikamkuta amekaa pale pale, amejifunika vizuri, anangoja, na hapo nikaelewa kwamba kwake hili halikuwa jambo la kamera.

Betri zilikuwa za moto mkononi. Nilizitia, kamera ikawaka, alama ya betri ikipepesa nyekundu. Picha moja, labda. Nilijua kwamba nikirekebisha kitambaa cha kochi nitaipoteza. Kilikuwa kimepinda. Nilikiona kimepinda. Nikakiacha, na naomba mnipongeze kwa hilo.

Nilichofanya ni kusogea hatua moja mbele, nyuso zionekane.

"Mtu asitikisike mpaka bibi aseme," nikawaambia.

Mwanga wa kwanza. Watu watano kama nguzo. Mama mdogo wa Nduguti akanong'ona bila kufungua midomo, "Nakufa." Mwanga wa pili. Kamera ikazimika lenzi ikiwa nje, kabla sijaona chochote.

"Pumueni," alisema bibi.

Mama mkubwa alikimbia na begi kichwani. Aliiwahi treni. Mimi nilibaki na kamera iliyokufa imetoa ulimi, na nililala siku mbili bila kujua kama ndani yake kuna picha au hakuna.

Ilikuwamo. Niliiona Singida mjini, nilipokwenda kuisafisha, fundi wa studio alipotia betri mpya. Bibi katikati, mabinti wawili kila upande, nyuso zote mbele, macho kumi yamefunguka. Fundi pia aliniambia maana ya alama ya jicho: inawasha mwanga wa kwanza ili macho yasitoke mekundu. Ukiizima, mwanga unawaka mara moja tu. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikaona aibu peke yangu.

Nakala ya Tabora ilipofika, mama mkubwa alipiga simu ya mama akaomba anipate mimi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Miguu yangu iko wapi?"

Sikuelewa.

"Nimevaa viatu vipya vya harusi, umenikatia kiunoni! Na mama yako umemkatia mkono. Picha gani haina miguu? Watu watasema mimi ni kilema. Sasa sikiliza, Krismasi nakuja. Waambie na mama zako wadogo wa Nduguti na Singida waje. Tunapigwa upya."

Nilikwenda kwa bibi nikiwa karibu kulia, nikamweleza kwamba picha imekataliwa, kwamba ile hatua moja mbele ilikuwa kosa langu, na kwamba itabidi wote waje tena. Alikuwa ameshaibandika ukutani. Aliitazama, kisha akanigeukia.

"Wote wanne?"

"Wote, bibi."

"Basi na hiyo ya Krismasi, mke mwenzangu, kata kitu kidogo."

Nilimwambia mimi sijui kukosea kwa makusudi.

"Utajifunza," alisema.