Mlio Mmoja kutoka Meksiko

Baba alinisomea onyo la wasafiri wa Meksiko kwenye simu yake tukiwa tumekwama katika foleni ya Riyadh ambayo naapa ilianza kabla sijazaliwa. "Baba" ndivyo tulivyomwita mwajiri wetu, ingawa kama si mvi zake mbili tatu tungeweza kuwa tumesoma darasa moja. Yeye alikaa mbele kando yangu mimi dereva, mkewe, Madam, nyuma na mapacha wao.

"Wazungu wanawaonya raia wao," alisema. "Utekaji. Wizi. Wasitembee barabara fulani gizani. Wewe unasemaje?"

Aliniuliza mimi kwa sababu nyumba nzima iliamini nimesoma, na imani hiyo niliipanda mwenyewe. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku jijini Nairobi, nikiwa na ndevu kamili, baada ya kubeba mifuko ya saruji mchana kutwa. Katika jiografia nilipata alama ambazo mwalimu alizitazama, akavua miwani, akaenda kuketi nje apate hewa. Wiki yangu ya kwanza Saudia nilikuwa nimeshawasimulia hayo mara kumi hivi, kwa Kiarabu cha kuunga na gundi. Tangu hapo, ikitokea ubishi juu ya nchi yoyote mezani, niliitwa kutoka chumba changu cha kando ya geti kama wakili.

"Mafi mushkila, hakuna shida!" Madam alidakia kutoka nyuma. "Meksiko naijua tangu nikiwa msichana."

Aliijua kwa tamthilia zilizotiwa sauti za Kiarabu. Hata mimi ndivyo nilivyoijua. Mtaani kwetu Nairobi saa ya tamthilia za Kimeksiko ilipofika, hata wezi walipumzika. Kati yangu na Madam hapakuwa na ngazi, mjane wala shamba la farasi la Meksiko ambalo hatukulifahamu.

"Baba," nikasema, nikikaza sauti ya darasani, "Meksiko ni kubwa. Je, kukiwa na tatizo mpakani kule kusini mwa Saudia, watu wa Jeddah huacha kula samaki?"

Akacheka. Mwanga wa kijani ukawaka, tukasogea kama urefu wa kitanda. Kabla hatujafika nyumbani safari ilikuwa imeamuliwa: siku chache Jeddah kwa mama yake Madam, kisha ndege hadi pwani ya Meksiko, wazazi na watoto wao. Na dada wa kazi, kwa kuwa mapacha hawakuwa tayari kulishwa na mkono mwingine wowote duniani.

Yeye hakuwa ameulizwa. Alikuwa Mkenya mwenzangu, mama wa mtoto mmoja aliyemwacha Taita kwa bibi yake, na aliniita kaka kwa vile nilimtangulia katika ile nyumba. Nilimkuta jikoni akikatakata vitunguu kwa hasira.

"Kaka, ni wewe umewaambia kuko salama?"

"Nimetoa tu maelezo ya kitaalamu."

"Ya kitaalamu! Umewahi fika?"

"Kwa ramani."

"Na mimi nitaenda kwa ramani ama kwa hii miguu yangu?"

Nilimwambia kuhusu hoteli, watalii, bahari ya rangi ya buluu mpaka inaumiza macho. Nikamkumbusha jinsi na sisi tulivyoonywa. Mimi nilipoaga kuja huku, mama yangu alilia tangu sebuleni hadi uwanja wa ndege bila kituo, na mjomba akanipa Biblia mbili, moja ya akiba. Kila jirani alikuwa na kisa cha msichana aliyekwenda Saudia asisikike tena. Na nchi yetu yenyewe si huwa inaandikwa kwenye maonyo hayohayo, wazungu waambiwe wasije, na sisi tupo tunapika chai?

Aliweka kisu chini.

"Nisikilize. Huyo mtalii unayemsema akiogopa anageuza tiketi, anarudi kwao. Pasipoti iko mfukoni mwake. Yangu iko kwa mkoba wa Baba. Hapa nisipotoa takataka asubuhi, wewe utauliza, huyu yuko wapi? Huko nani atauliza? Nimwache mtoto wangu na swali tu?"

Nilitoka nikaosha gari ambalo lilikuwa safi. Nikalizunguka. Nikaliosha tena. Kumbe salama yenyewe haikuwa ya Meksiko wala ya Riyadh. Ilikuwa ni nani ameshika karatasi zako, na nani atakutafuta usipoonekana. Onyo la Baba halikuwa na mstari hata mmoja juu ya hayo, na mimi ndiye niliyeipigia debe safari.

Kesho yake nikarudi jikoni na wazo. Sisi tuliotoka kwetu tuna kubipu: unapiga simu, inalia mara moja, unakata kabla mwenzako hajapokea, na senti haitoki. Wakenya wa Batha, kule sokoni Riyadh ambako kila mgeni hufikia, walikuwa wameifanya kama mlinzi wa zamu. Msichana akipelekwa nyumba mpya, humbipu mwenzake kila asubuhi. Mlio mmoja, niko sawa. Miwili, nipigie. Na aliyebipiwa lazima ajibu kwa mlio wake, ndiyo ijulikane kwamba umefika.

"Asubuhi ukiamka tu," nikamwambia. "Nisiposikia, naanza kelele. Nitaanza na kaka yake Madam wa huko Jeddah, nikimaliza naenda ubalozini, nikimaliza naenda kwa mfalme."

"Na wewe usipojibu?"

"Mimi? Mimi nitabaki Jeddah kwa mama yake Madam, nawangoja nikinywa chai. Mimi nitapatwa na nini?"

Kisha, kwa kuwa mwalimu haachi kufundisha, nilichukua chungwa na tochi nikamwonyesha Meksiko ilivyo upande wa pili wa dunia, huku kukiwa mchana kule giza. Alinitazama nikizungusha chungwa lile kwa ustadi mkubwa, kisha akalimenya akawapa mapacha.

Barabara ya kutoka Riyadh hadi Jeddah ni ndefu kiasi kwamba ukiianza bila masharubu unafika nayo. Njiani kuna vizuizi, na Baba alikuwa na utaratibu wake. Karatasi zote za nyumba alizikusanya katika mkoba mmoja wa ngozi wenye zipu: pasipoti za familia, pasipoti ya dada, ikama yake na yangu. Ikama ndiyo kitambulisho cha mgeni. Bila hiyo, Saudia wewe ni uvumi tu. Tukifika kizuizini Baba alinyoosha mkoba dirishani, askari akachambua, akahesabu vichwa, "Yalla," tukapita. Baada ya siku chache kwa mama yake Madam, uwanja wa ndege wa Jeddah nikawashushia mizigo ambayo ingetosha kuhamisha kijiji. Dada alibeba pacha mmoja begani, mwingine mkononi. Alinionyesha simu yake, akaingia.

Siku waliyotarajiwa kuwa wameamka kule kwa mara ya kwanza, nilikuwa macho kabla ya adhana. Niliweka simu juu ya mto, nikakaa mbele yake kama mgonjwa mbele ya daktari. Kukapambazuka. Kimya. Nikanywa chai. Jua likapanda. Nikahakikisha simu ina chaji, nikaizima nikaiwasha, nikamwomba mpishi wa mama yake Madam anibipu nione kama inalia. Ililia vizuri mno. Nikafagia ua, nikabadilisha tairi ambalo halikuwa na kosa. Kufikia karibu na adhuhuri nilikuwa nimeshamteka dada kichwani mwangu kwa njia kama thelathini, kila moja na muziki wake wa tamthilia.

Nikashindwa kukaa. Nilikuwa na rafiki, bawabu wa jengo moja Al-Hindawiyah, Mkenya pia, mtu mwenye kichwa kilichotulia. Nikaona niende tushauriane kabla sijaanza kelele nilizoahidi. Nilikwenda kwa miguu, mbiombio, simu mkononi. Vichochoro vya Al-Hindawiyah vimejaa wageni wa kila lugha, na mtu anayekimbia huku akitazama simu kila hatua tatu huwa hapiti bila kuonekana. Askari wawili wakanisimamisha.

"Ikama."

Nikapeleka mkono mfukoni kwa ujasiri wote. Pochi, leso, peremende ya pacha. Nikapeleka mfuko wa pili. Ndipo nikauona mbele ya macho yangu ule mkoba wa ngozi, unafungwa zipu, unapita mlango wa uwanja wa ndege chini ya kwapa la Baba.

"Iko Meksiko," nikasema.

Yule askari mkubwa akanitazama kwa huruma. "Ikama iko Meksiko. Na wewe uko hapa."

"Ndiyo, bosi."

"Yalla. Panda."

Kituoni walichukua simu yangu wakaitia kwenye mfuko wa plastiki, wakauweka juu ya meza. Mimi nikaketishwa benchi la ukutani na wenzangu wengine wasio na karatasi. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Nilikuwa tu sijulikani ni nani. Namba ya kaka yake Madam ilikuwa ndani ya ile simu. Namba ya Baba ilikuwa ndani ya ile simu. Nikaomba niitumie, afisa wa mezani akasema ningoje zamu yangu, na mbele yangu kulikuwa na watu wa kujaza mabasi mawili. Nikasimama, nikaambiwa kaa. Nikakaa. Nikafikiria kwamba nikipelekwa huko wanakopelekwa wasio na ikama, dada kule Meksiko hana tena mtu wa kuuliza yuko wapi.

Na simu ikalia. Ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya meza ya afisa. Mara moja. Ikakatika.

Nilipiga yowe la furaha mpaka mzee mmoja kando yangu akashika kifua. "Mzima! Yuko mzima!" Hapo ndipo lile chungwa liliponirudia, likizunguka taratibu mbele ya tochi. Kumbe jua lilikuwa ndiyo kwanza linamfikia yeye! Nusu siku nzima nilikuwa nimemlilia mtu aliyelala usingizi wake wa haki.

"Bosi," nikamwambia afisa, "niruhusu nibipu tu. Mlio mmoja. Hauna gharama."

"Umpigie nani?"

"Meksiko."

Akaita mwenzake aje asikie.

Hawakuniruhusu. Baada ya kitambo simu ikalia tena, mara moja. Kisha mara mbili. Nipigie. Kisha mara mbili tena. Nilizisikia zote kutoka benchini, mikono mapajani. Na yeye kule alizisikia zikienda bila hata mlio mmoja kurudi. Halafu simu ikanyamaza kabisa, na huo unyamavu ulinitesa kuliko asubuhi yote.

Yaliyotokea upande wake alinisimulia baadaye. Tangu walipofika hotelini alikuwa ameuona mkoba ukifunguliwa mapokezi, na katikati ya pasipoti sura yangu kwenye ikama ikimtazama. Hakusema, alidhani Baba anajua. Nilipokosa kujibu, alielewa mara moja. Mtu huyu ambaye kwa Madam hakuwahi kupandisha sauti hata chumvi ikiitwa sukari, alikwenda akagonga mlango wa chumba cha mabosi wake jua likiwa bado halijapanda sawasawa.

"Madam akaniambia, una wazimu? Nikamwambia, Madam, kaka ameshikwa. Akasema, nani amekuambia? Nikasema, hakuna aliyeniambia, ndiyo sababu najua. Nikasimama hapo hapo mlangoni. Wangeniacha nisimame mpaka siku ya kurudi."

Baba alifungua mkoba, akaikuta ikama. Akampigia shemeji yake, kaka wa Madam. Alasiri shemeji huyo, mwenye kanzu iliyopigwa pasi kama karatasi, aliingia pale kituoni, akaonyesha picha ya ikama kwenye simu, akazungumza na afisa, wakacheka, wakanitazama, wakacheka tena. "Halas, yameisha," afisa akaniambia, akinirudishia mfuko wangu wa plastiki. Hata kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimeshabipu. Mlio ulirudi haraka hivi kwamba lazima alikuwa ameshika simu mkononi.

Bawabu wangu wa Al-Hindawiyah alinipokea kwa maji baridi na dharau. "Hata kitambulisho chako kimetembea kuliko wewe, mwanajiografia! Kiko hotelini, kinaangalia bahari."

Waliporudi, Madam alikuwa ameungua pua kwa jua, akaisifu Meksiko kuanzia kwenye mizigo hadi garini. Watu wakarimu, chakula kitamu, hakuna aliyewagusa hata kwa ukucha. Nikamwuliza dada pembeni kama ni kweli.

"Kuko sawa," alisema. "Wahudumu walikuwa wananisalimia kila asubuhi kama dada yao. Usiku kuna mitaa walituambia tusiende, hatukuenda." Akaangalia kando. "Lakini mimi nilikuwa naiogopea Jeddah."

Baba alinirudishia ikama yangu kabla ya kufunga mlango wa gari. "Imetalii vya kutosha," alisema, na kwa aibu kidogo akaongeza kwamba nikae nayo. Kisha akaanza kurudisha zile karatasi nyingine mkobani.

"Baba," dada akasema kutoka kiti cha nyuma. "Zangu nitakaa nazo mimi."

Mimi nilikuwa nimewasha injini, nikaona nirekebishe kioo, nikakirekebisha mpaka kikaonyesha paa. Baba aliishika ile pasipoti na ile ikama muda mrefu, akizigeuza kama mtu anayetafuta bei. Kisha akazinyoosha nyuma bila kugeuka.

Kwenye kizuizi cha kwanza nje ya Jeddah, askari alinyoosha mkono dirishani. Baba akampa mkoba. Mimi nikatoa yangu mfukoni mwa shati. Na juu ya bega langu ukapita mkono mwembamba, umeshika ikama yake kwa vidole viwili, ukangoja hapo mpaka ikapokewa, ukangoja tena mpaka ikarudishwa.